Mashua ya Kupimwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeudhika. Muuguzi mkuu wa zahanati ya ng'ambo anasema mashua yetu inavuja, na wauguzi wake wamechoka kufika kazini viatu vikiwa vimelowa. Baba amewavusha ziwa kwa makasia miaka kumi na mmoja! Asipoleta chombo kipya ifikapo tarehe 31, kazi anapewa jirani yetu, Bwana Honi. (Ana boti ya plastiki. Ina honi. Huipiga hata akiwa peke yake majini.)

Kaka anataka tununue ya kiwandani, kama ya Honi. Unaingia dukani, unachagua, unaondoka nayo. Kama ndoo! Nilitaka kumjibu vikali. Nikaosha vyombo kwa kelele.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nimemwandikia Baba barua ya kurasa nne, nikaiweka chini ya sahani yake. Hoja kuu: Baba ni pandikizi la mtu, mwili wake haukutoka kiwandani, sasa kwa nini akalie kitu cha kiwandani? Baba aliisoma mara mbili, akajitazama tumbo, akasema kweli mwanangu umesoma. Kaka akasema mimi huongea kwa kalamu tu, mdomo nimeuweka akiba. Mjinga.

Baba anavusha watu kutwa, hana nafasi. Nitakwenda mimi kwa fundi wa mashua za mbao, na vipimo vya Baba kwenye karatasi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi huyu hapokei karatasi! Mbona hakuna aliyeniambia? Humpima mpiga makasia mwenyewe, kwa kamba anayoifunga mafundo: nyonga hadi kisigino, bega hadi kiganja. Akauliza, "Atakayevuta makasia ni wewe, binti?" Wateja watatu wakageuka kunitazama. Nilikusudia kusema hapana. Shingo ikaenda chini, ikarudi juu.

Akanipima. Karatasi ya Baba ilibaki mfukoni, imelowa jasho.

Lakini nimetafakari njia nzima. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Vipimo vya ukoo mmoja haviwezi kupishana sana.

Jumamosi, 29 Machi

Imekuja. Nzuri mno! Mbao zimeshikana hata wembe haupiti. Baba akaingia. Magoti yakapanda hadi masikioni. Kila akivuta, makasia yanamgonga magoti. Kaka akauliza kutoka ufukoni, "Baba, hiyo umeipanda au umeivaa?" Bwana Honi akapita na kupiga honi mara mbili. Mara mbili!

Ilichukua watu wawili kumtoa Baba, na sasa kiuno kinamuuma. Aliniuliza kwa upole fundi alimpima nani. Nikamwambia nitamjibu kwa barua.

Jumatatu, 31 Machi

Asubuhi. Wauguzi wanne wamesimama, muuguzi mkuu anatazama saa, Honi kando amekwisha kuwasha injini. Baba haenei. Kaka haenei. Macho yote yakaja kwangu.

Nikaingia. Kisigino kikakuta mahali pake, kiganja pake. Tukavuka bila tone kuingia. Muuguzi mkuu akakagua viatu vyake, vikavu, akasema kazi ni yetu, mradi nivushe mimi.

Mimi! Wauguzi wanne na maswali njia nzima: nimemaliza shule lini, nina mchumba, mbona sisemi, bibi yangu alikuwa bubu? Kwenda na kurudi, kila siku! Hii ni dhuluma. Baba alishinda ufukoni akipanga mawe ambayo hayakuhitaji kupangwa.

Jumatano, 2 Aprili

Muuguzi mkuu ana mizigo ya dawa ya kuvushwa. Anahitaji chombo cha pili, na Baba anaitaka kazi hiyo kuliko chakula. Kaka akaanza tena habari za kiwanda. Safari hii barua ilikuwa kurasa sita. Baba akakubali, kiuno kikiwa bado kinamuuma, akaniapisha nifungue mdomo.

Nilifanya mazoezi njia nzima: "Ni ya Baba. Ni mkubwa. Ni ya Baba. Ni mkubwa." Fundi alifurahi sana kuniona. Akasema kamba yangu ameitundika msumarini, hana haja ya kunipima upya. Hii nayo iwe vile vile? Wateja wakageuka.

Shingo.

Kosa ni la fundi, hawezi kuuliza mambo ya watu hadharani. Hata hivyo, ana wiki tatu za kazi. Zinatosha. Kuanzia leo nampakulia Baba nusu sahani.