Printa Isiyotaka Dereva

Swafwan wa Langoni alikuwa na masikio mawili kama watu wengine, ila yake yalifanya kazi hata akiwa amejilaza barazani na kofia usoni. Ndivyo alivyomsikia Bwana Alwi akimlalamikia muuza kahawa. Bwana Alwi alikuwa na nyumba za kupangisha kila pembe ya mji wa Lamu, na sifa yake ilimtangulia kila aendako: shilingi ikishaingia mfukoni mwake, ilikuwa imewaaga jamaa zake.

Kilio cha siku hiyo kilikuwa cha kompyuta. Laptopu yake ilikuwa imezeeka hata kuwaka ikawa haitaki mpaka isomewe. Mpwawe Raiyan, mwanafunzi wa Nairobi, alipokuja likizo aliifuta yote akaitia Linux, mfumo wa bure, nayo ikaamka kama kijana. Bwana Alwi alilipenda sana hilo neno bure. Sasa alitaka printa ya nyumbani, ya bei nafuu, isiyobugia wino, lakini kijana alikuwa amemtahadharisha kwamba si kila printa inayosikizana na Linux. Ipi inasikizana na ipi haisikizani, hakumwambia. Alivuka kwa boti, akapanda basi la Nairobi akenda zake.

Chini ya kofia, Swafwan alitabasamu. Mtu anayetaka kitu cha rahisi katika jambo asilolijua, kwa hesabu ya Swafwan, ni riziki iliyotumwa ikiwa na anwani.

Tusimdhulumu: mwenyewe alilijua jambo hilo vizuri. Alikaa miaka Mombasa katika duka la kutengeneza kompyuta, mpaka siku mwenye duka alipoamua kukagua stoo. Alijua kwamba printa za wino wa maji huuzwa rahisi kisha humnyonya mwenyewe kidogo kidogo, na zikikaa bila kazi wino hukauka. Alijua kuwa kwa mtu wa nyumbani iliyo bora ni ile ndogo ya wino wa unga, yenye kutoa nyeusi peke yake. Na katika hizo alijua zipo ambazo ukizichomeka tu kwenye Linux zinachapa, na zipo ambazo utazichomeka mpaka siku ya Kiyama. Elimu hii angeiuza kama ilivyo ingemlisha. Lakini Swafwan aliona aibu kula pesa ya njia iliyonyooka. Aliiona haina ladha.

Dada yake Nadra, mshonaji, alikuwa amempa pesa akamnunulie cherehani Mombasa, maana msimu wa harusi ulikuwa unakuja na cherehani yake ilikuwa inatafuna nguo. Swafwan akaenda. Aliporudi hakuwa na cherehani. Alikuwa na printa mbili za mtumba, zinazofanana kama mapacha. Moja ilisikizana na Linux kama pilau na kachumbari. Ya pili haikusikizana nayo kabisa, na muuzaji alimpa kwa bei ya kuondoa uchafu dukani. Nadra aliambiwa cherehani imekosa nafasi kwenye gari, itafuata na mzigo mwingine. Nadra akarudi kwenye cherehani yake mbovu.

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi. Printa nzima angeionyesha. Ile mbovu angeifunga kwenye boksi safi kwa gundi mpya na kuiuza. Mteja ikimkatalia angempigia simu, na Swafwan angekuja na begi kuitibu, kwa ada. Ugonjwa wenyewe haukuwa na dawa, na hapo ndipo palipokuwa na uzuri wa biashara.

Basi akaibeba printa nzima mpaka kwa Bwana Alwi, akaichomeka kwenye laptopu, na kabla mzee hajamaliza kuvaa miwani karatasi ilikuwa imekwisha kutoka, nyeusi kwa nyeupe, ya moto kama mkate wa mofa.

"Na hii, Bwana Alwi, haitaki draiva," alisema Swafwan kwa fahari.

"Dereva?" Mzee alishusha miwani. "Muyi wa Lamu wenyewe hauna magari."

"Ni maneno ya kompyuta tu. Maana yake haihitaji mtu wa kuiendesha."

"Vyema. Sikuwa na nia ya kumlisha."

Swafwan akamweleza kuwa hiyo ni ya kuonyeshea watu tu. Ya kwake imo kwenye boksi, haijaguswa na mkono wa mtu. Bwana Alwi akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema ikiwa ni nzuri hivyo, hatanunua moja, atanunua na za wanawe pia. Swafwan akaanza kuhesabu faida kimoyomoyo. Printa mbovu Mombasa hazikuwa na mwisho.

"Lakini kununua ni ndia ndefu," Bwana Alwi aliendelea. "Mimi sinunui hata kuku bila kuswali istikhara. Iwate hapa yeo, niione, moyo wangu nao uielekee."

Ni nani angemkatalia mtu istikhara, sala ya kumwomba Mungu amwonyeshe lenye heri? Swafwan mwenyewe alikuwa hajaiswali tangu azaliwe, lakini aliiheshimu kwa mbali. Isitoshe, mteja akilala na mali nyumbani, asubuhi huwa keshaizoea. Akaiacha.

Kesho yake alasiri alikuja. Bwana Alwi akampa kikombe cha kahawa na kumwambia kuwa jawabu halijawa wazi. Siku iliyofuata, kahawa, na jawabu bado. Swafwan alikuwa hajapata kuona mtu anayemshauri Mola wake kwa kirefu namna ile juu ya kifaa cha umeme. Mara moja alipokuwa akivua viatu alisikia mvumo ndani, akauliza ni nini. Mzee akasema ni feni.

Hatimaye Bwana Alwi alimkabidhi printa yake, imepanguswa vizuri, na uso wa huzuni.

"Moyo umekataa, Bwana Swafwan. Nimejaribu kuubembeleza."

"Na ile ya boksi?"

"Hiyo kaa nayo isiingie vumbi."

Swafwan hakuvunjika moyo. Muwinda hanuni, akinuna hula mtama mkavu. Aliipeleka printa yake moja kwa moja hadi kwa Bi Hadil, mwenye nyumba ya wageni, ambaye laptopu yake nayo ilikuwa imepita mikononi mwa Raiyan, na aliyetaka printa ya rahisi ili awatoze majirani kwa kila ukurasa. Alimmwagia maneno yote, hata ya dereva, kisha akabonyeza. Karatasi ya kwanza ilitoka na maandishi ya kijivu. Ya pili ilitoka na kivuli cha maandishi. Ya tatu ilitoka kama ilivyoingia.

Bi Hadil aliigeuza huku na huku. "Karatasi nyeupe ninazo," alisema kwa upole, akamwonyesha mlango.

Swafwan alifika nyumbani jasho likimtiririka, akamkuta Nadra amekaa na kadi mkononi. Ilikuwa ya mwaliko: Bwana Alwi anamuoza binti yake Ummu. Kila nyumba ya mtaa ilikuwa imeletewa, na kadi ya wanawake ilikuwa na ukurasa wa pili wenye kasida nzima. Mtoto wa jirani alipita akisema kwao wamepata kadi, na baba yake kaletewa pia na Bwana Alwi mkataba mpya wa kodi, kurasa tele. Swafwan aliichukua kadi akaiangalia ukingoni. Pale kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, alama ya mkwaruzo ulio kwenye ngoma ya printa yake, ile silinda ichapayo. Aliutambua kama mama atambuavyo kovu la mwanawe.

"Kadi nzuri," alisema Nadra. "Kumbe watu wengine mashine zao hufika."

Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba amekwisha kukata tiketi. Atakwenda Mombasa mwenyewe kuitafuta cherehani yake, na Swafwan atafuatana naye kumwonyesha ilikokwama. Swafwan aliyepita askari, wenye maduka na wachumba wawili bila kutetemeka, safari hii aliinyakua printa akatoka tena. Ilibidi apate pesa, na apate upesi.

Aliizungusha printa Langoni nzima. Kila mtu alitaka kuiona ikichapa, na kuchapa haikuweza. Mwisho miguu ikamrudisha kwenye mlango uleule. Bwana Alwi alimkaribisha, akasikiliza, akavuta ndevu. Alisema mashine isiyo na wino ni sanduku tu, lakini kwa kuwa wamezoeana nayo, ataichukua. Bei aliyotaja ilikuwa ya sanduku. Ingetosha cherehani ya mtumba, tena ya mkono, kwa mtu anayejua kubembeleza. Swafwan akazipokea pesa.

Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujua, kama istikhara imebadili jawabu.

"Ilikataa bei," alisema Bwana Alwi. "Mashine haikuikataa hata siku moja."

Akafungua kabati, akatoa boksi jipya la tona, wino wa unga wa printa ileile hasa, akalifungua kwa kisu. Risiti ya Mombasa ilikuwa ingali imebandikwa juu, nayo Swafwan aliisoma tarehe yake akiwa amesimama. Mzee alikuwa ameiagiza siku ileile alipoachiwa printa, kabla hata kahawa ya kwanza haijapikwa.