Bega la Kulia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Majibu yametoka. Kinga haijashika! Chanjo ya homa ya ini, raundi nne, na aliyenichoma ni Gladness, binti yangu wa kumzaa, muuguzi mwenye cheti ukutani sebuleni kwangu!
Dokta Maige akasema sisi wa figo mbovu miili yetu huitikia chanjo kwa uvivu, ndiyo maana kila raundi ni sindano mbili, bega na bega. Akauliza kama la kulia nalo lilichomwa. Nikasema mara zote. Uongo. Kila raundi nilimdanganya Gladness kwamba muuguzi mwenzake keshanichoma la kulia. Sindano moja ya mwanangu ni sawa na mbili za wengine!
Dorotea wa Nyakato, mgonjwa mwenzangu, yake imeshika. Akanipa pole kwa sauti iliyofika getini, eti labda mkono wa mwanangu bado haujakomaa. Atanitambua.

Jumanne, 4 Machi
Dokta anataka damu tena Alhamisi, ya kinga na ya figo. Ikishindikana, naanza chanjo upya, kwa sababu nikifika kwenye mashine ya kusafisha damu bila kinga ni hatari. Nimeelewa. Ila nianze upya mbele ya Dorotea? Thubutu!
Nimempigia mdogo wangu Selina, kijijini Bujora. Tunafanana mpaka mwanya. Avae kitenge changu, ashike kadi yangu, atoe damu. Akagoma. Nikamkumbusha nani alimbeba mgongoni. Kakubali.

Alhamisi, 6 Machi
Selina kaingia, katoka. Gladness hakuwa zamu. Akili hizi nilizaliwa nazo.

Jumatatu, 10 Machi
Mayu wee! Kinga: sifuri. Selina hajachanjwa tangu azaliwe, wala sikumuuliza! Lakini figo safi kama za msichana. Dokta akaita wenzake watatu waje kuniona. Nikakaa vizuri, nikawaambia ni matunzo ya binti yangu. Dokta akanibonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo. Akasema figo safi hazivimbishi mguu hivi.
Gladness, leo yuko zamu, akauliza polepole kama mama mdogo alikuwa mjini Alhamisi. Nikaangalia dari. Nikasema yote, mpaka la bega. Akalia. Akasema aibu ataizoea, anachoogopa ni kunipeleka kwenye mashine sina kinga, halafu anizike kwa ajili ya Dorotea.
Nikafunua bega la kulia mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi
Mabega yote bado yanauma. Nimemwonyesha Dorotea kanisani, yote mawili. Gladness kaandika tarehe zangu kwenye kalenda kwa wino mwekundu. Mtoto ana mwandiko yule!
Mwezi ujao ni chanjo ya nimonia. Nimewaza sana. Kama chanjo haishiki vizuri kwenye figo mbovu, na figo nzuri ziko Bujora, tumbo moja, ziwa moja, si achomwe Selina kwa niaba yangu? Itashika mara moja!
Nimempigia. Kakata simu. Kesho naazima simu ya Dorotea.