Chupa Chumbani mwa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Na ndiyo maana nasema ndoa ni tamu kuliko nilivyoandika jana. Wiki tatu na Phanice wangu! Leo nimepata kitu kitamu karibu kama yeye. Gurdev, mwenye duka tunalonunulia sukari hapa Kitale, alinimiminia pombe ya kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Nikaonja. Salale! Kahawa iliyokaangwa, sukari, kisha joto dogo linaloshuka kifuani kama Phanice akinitazama kanisani. Nikaonja tena. Gurdev akasema, bwana harusi, hicho ni kifuniko cha nne, nunua au funga mdomo. Nikanunua. Tutaionja wawili Jumamosi, tukitimiza wiki nne.

Shida moja tu. Siku ya mahari niliwaapia wazee wa Misikhu, kwao Phanice kule Bungoma, kwamba sigusi pombe. Mama mkwe, aliyempoteza mume kwa pombe, alisema siku akisikia harufu yake kwangu, binti yake anarudi Bungoma. Lakini hii ni kahawa! Au karibu kahawa. Nimeificha chumba cha wageni, kabatini, ndani ya gambuti la Phanice, buti lake la mvua. Mvua yenyewe iko wapi?

Jumanne, 10 Juni
Balaa! Mama mkwe amekuja kutibiwa macho. Siku tatu. Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala siwezi kukanyaga chumba anacholala. Nimehamia kwa jirani, Kipkorir. Anacheka. Ati sisi wa Bungoma tunaogopa mama mkwe kuliko chui.

Jumatano, 11 Juni
Nimemtuma Jepkemboi, mke wa Kipkorir, akafagie kile chumba, atoke na gambuti. Mama mkwe akamwambia, mwanangu, keti unywe chai, mimi nina mikono. Jepkemboi amekunywa vikombe vitatu na kurudi mikono mitupu. Ati nina bahati, mama ni mzuri sana.

Alhamisi, 12 Juni
Walitoka kwenda hospitali. Nikaruka ndani. Nashika kabati, nasikia sauti uani. Daktari hajafika, wamerudi! Dirisha lina vyuma. Nikajifunika beseni la nguo kichwani, nikatoka kinyumenyume. Nikagonga meza. Phanice akapiga kelele, Dancan! Mama mkwe akageukia ukuta, akauuliza mtu huyo mwenye beseni anatafuta nini. Nikaujibu ukuta kwamba natafuta sabuni. Akauambia ukuta kwamba sabuni imeshika kwenye nywele zangu.

Ijumaa, 13 Juni
Mvua! Ya mawe! Mama mkwe alikimbia kuanua nguo, akavaa gambuti za Phanice. Mguu mmoja ukakataa kuingia.

Ameitoa chupa, ameinusa. Ameifunga kwenye leso kama ushahidi. Wazee watakaa Misikhu tarehe thelathini, chupa mezani. Phanice alikuja kwa Kipkorir na sanduku lake, macho mekundu. Nikasema, mpenzi, ni kahawa tu. Akasema, Dancan bana, mimi niliolewa na wewe, si na kahawa. Ati niende tu niseme ukweli na kuomba msamaha, mama atalegea. Kisha akamfuata mama yake. Nyumba imekuwa pana kama uwanja wa maonyesho.

Jumamosi, 14 Juni
Wiki nne za ndoa, na kitanda kizima ni changu. Nimelia hadi mto umelowa. Kisha akili ikaja. Ukweli wa nini? Nitabadilisha chupa! Nitapeleka nyingine ya aina ileile, imejaa kahawa nyeusi ya nyumbani na sukari. Wazee waionje, waone aibu, waniombe msamaha wao.

Nimetoka kwa Gurdev sasa hivi. Tatizo ni kwamba chupa imekuja imejaa, na kahawa yangu haina pa kuingia. Nimeanza kuipunguza. Kwa uangalifu mkubwa. Kuimwaga ni dhambi. Pombe imefika chini ya picha ya shamba iliyobandikwa kwenye chupa, na kalamu inaanza kuteleza.

Phanice, ua langu, usilie. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Misikhu kukuchukua.