Uzinduzi wa Rufaa ya Jicho la Mama Selina

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru, Ndugu Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ndiye mimi, Mwenyekiti wa Kijiji, wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, Kamati Ndogo ya Utepe na Kamati Ndogo ya Vinywaji, mapadre, wachungaji na masheikh, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), akina mama wa alizeti, vijana wa bodaboda mlioegesha kwa ustaarabu, na wewe Mama Selina uliyekaa hapo mbele umejifunika jicho kwa kitambaa: itifaki imezingatiwa, na ambaye sijamtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi ya kiasi.)

Kwa majina naitwa Melkizedeki Kitundu, Mratibu wa Mpango Shirikishi wa Kuimarisha Mfumo Jumuishi wa Rufaa za Macho Ngazi ya Msingi, na leo, hapa nje kidogo ya Iguguno, tunaandika historia. Hakuna aliyewahi kukaa kitako akajiuliza mgonjwa wa macho atoke lini zahanati aende kwa daktari bingwa. Nimekaa mimi. Nimekaa Dodoma siku nne, Arusha siku sita, na Morogoro nimekaa wiki nzima maana hoteli ilikuwa tulivu, na kote nilikokaa nilitoa pawapointi ya kurasa themanini na mbili ambayo wajumbe waliipigia makofi kabla sijaiwasha. (Vijana wanacheka. Mratibu anapokea kama pongezi.) Na takwimu zinajieleza: utafiti wetu umebaini kwamba asilimia tisini na nane ya wakazi wa kata hii wana macho mawili, na kwamba waliofumba macho wakati wa kupimwa, wote, asilimia mia moja, hawakuona kitu.

Sasa tegeni masikio, hapa ndipo penye sayansi. Nilipofika zahanati yenu nilimkuta muuguzi Rahel, binti mchapakazi ila hana subira, amebandika ukutani karatasi moja, nasema moja, ameiandika kwa mkono wake: mtu akipoteza kuona ghafla, apelekwe leo leo, jicho jekundu linalouma huku mtu anaona ukungu, leo leo, jicho lililochomwa na kitu, usilikande, lifunike bila kulibana, leo leo, dawa ya shambani ikiingia jichoni, osha kwanza kwa maji mengi, kisha leo leo, mtoto mwenye weupe kwenye mboni, asicheleweshwe, mwenye kisukari, apimwe macho kila mwaka hata kama hayamuumi. (Mama mmoja anamgeuza mwanaye kwenye mwanga, anamtazama jichoni, anainuka na kuelekea zahanati.) Imeisha hiyo. Hakuna dibaji, hakuna nembo, hakuna hata picha ya Mratibu. Nikamuuliza, binti, huu nao ni mwongozo? Tukauboresha, sasa una kurasa mia moja na kumi na nne, na yale maneno ya leo leo tumeyapa tafsiri pana ya kitaalamu, yaani siku ileile ambayo kamati itakutana, na kamati hukutana kila robo mwaka endapo akidi itatimia. (Minong'ono. Mzee mmoja anamuuliza jirani yake kama amesikia sawasawa.)

Nije kwa Mama Selina, ambaye ndiye sura ya mpango. Siku tisa zilizopita alikuwa anapiga alizeti nyumbani kwake, ganda likamrukia jichoni. Jicho likawa jekundu, linauma, mwanga unamchoma, anaona ukungu. Rahel, kwa haraka yake ileile, akamwandikia barua aende Singida Mjini siku hiyohiyo. Bahati nzuri mimi nilikuwa napita kukagua pa kufunga maturubai, nikaiwahi ile barua. Nikawaelewesha kwamba mgonjwa hapitishwi kwenye mfumo ambao haujazinduliwa. Kwetu sisi watu wa ofisini kitu kisichokatiwa utepe hakijaanza, na kuna kisima tulikifunga mnyororo miezi saba kikimsubiri mgeni rasmi, na wananchi walituelewa. Nikamwomba mama avute subira awe Mgonjwa Namba Moja, akate utepe, apigwe picha akipokea barua yake kwa mikono miwili. Rahel akaniambia mbele za watu, "Mzee, hilo jicho lina kidonda. Ukilisubirisha litapofuka." Nikamsamehe, ni kijana. (Sauti ya mwanamke: "Siku tisa?")

Ndiyo mama, tisa, na tumeahirisha mara mbili tu: mara ya kwanza utepe uliletwa mweusi, mara ya pili spika ziligoma. Asubuhi hii nimemuuliza mwenyewe kama ananiona vizuri, akanijibu, "Baba, naona shati lako, sura siioni." Mnaona wenyewe, shati ameliona. Barua yake hii hapa mfukoni, ina mihuri mitatu. (Hakuna anayecheka. Pikipiki inawashwa nyuma ya turubai.) Kwa hiyo sasa, kwa heshima na taadhima, namwita Mama Selina aje akate... Mbona kiti kitupu? Katibu ananinong'oneza hapa kwamba Rahel amemwandikia barua nyingine kwenye karatasi ya daftari, bila muhuri hata mmoja, na wameondoka naye kwa bodaboda ya Chrispin kwenda Singida Mjini. (Makofi makubwa kuliko yote ya siku hiyo.) Ahsanteni, ahsanteni, nayapokea kwa niaba ya kamati.

Basi nikisema Rufaa, mseme Kwa Wakati! Rufaa! (Kimya.) Naona mmeguswa sana.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Ndugu Deo kwa kutuazima ghala lake la alizeti, tulilolipaka rangi ya kliniki upande mmoja unaotokea kwenye picha, na anaomba tutoke kabla ya saa kumi ana mzigo unaingia. Namshukuru Bi Aneth wa mapambo ya harusi kwa gari letu la wagonjwa lililofunikwa shuka, ambalo msilifunue, lina keki. Namshukuru shemeji yangu Innocent kwa kukubali kuvaa koti jeupe kwenye bango, na nyie mliompangia foleni tangu asubuhi, yeye ni fundi wa majokofu. Wanaouliza mpango wenyewe uko wapi, ndugu zangu, mpango ndio tunakwenda kuuomba kwa wafadhili, na fomu ya maombi inataka picha za uzinduzi. Mwisho namshukuru Chrispin, ambaye hajahudhuria semina hata moja. Akimwahi daktari na jicho likapona, ripoti itaandika kwamba mpango umefanikiwa. Asipomwahi, ripoti itaandika kwamba mgonjwa hakufuata utaratibu. Ahsanteni kwa kunisikiliza.