Uzinduzi wa Upimaji wa Damu wa Papo kwa Papo, Malinya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, unayewakilishwa na karani wako, machifu na manaibu wao, wachungaji, akina mama wa kwaya, na ninyi wakulima wa miwa, ambao sukari yenu imeifanya wilaya hii ionewe wivu na majirani: hamjambo! (Hatujambo!)

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu ya Afya, nina furaha isiyopimika kuzindua Sistimu Jumuishi ya Kupima Damu Kando ya Mgonjwa. (Makofi.) Zamani damu ya mtu wa Malinya ilipelekwa Kakamega mjini, na majibu yalirudi mwenyewe ameshapona au ameshazikwa. Tukaita injinia, naye akatufumbua macho: mgonjwa ni inputi, majibu ni autiputi, na katikati ni prosesi. (Makofi machache.) Sasa ni tone moja tu la kidoleni, na kabla chai haijapoa unajua kama ni malaria! Tayari ufanisi umepanda kwa asilimia mia na kumi!

(Mama mmoja anasimama, mtoto mgongoni. “Mheshimiwa, naitwa Jescah. Huyu Awinja wangu anachemka tangu jana. Chifu alisema leo mnapima.”)

Mnaona? Huyo ndiye mtumiaji wa mwisho! Mpigieni makofi! (Hakuna anayepiga.)

(“Mpimeni tu, mzee. Hata maji anatapika.”)

Mama, sistimu hairukwi. Kidole ni Awamu ya Tatu; leo tuko Awamu ya Uhamasishaji. Mimi mwenyewe nilikwenda Ulaya, nikatobolewa kidole, nikaambiwa niko mzima kabisa!

(Mtoto anashikwa na degedege. Jescah anapiga yowe. Mukhwana, dereva wa trekta ya miwa, anaita: “Mama, panda! Twende hospitali!” Vijana wanafungua tela na kuliacha barabarani na miwa yake. Watu wanakimbia nyuma ya trekta.)

Jamani, kaeni! Itifaki! Afya kwa wote! Kipimo mkononi, maendeleo nyumbani!

Basi nawashukuru mliobaki. Namshukuru mpwa wangu, aliyekubali kuitwa injinia. (Baadaye, huko hospitali, Awinja anachomwa sindano ya kwinini, anafumbua macho na kumwita mama yake.) Na namshukuru seremala aliyetuchongea mashine hii kwa mti mzuri wa msitu wa Isecheno. Mpiga picha, sogea. Nitaishika kwa chini, rangi haijakauka.