Wamalwa Auza Vita vya Bama

Kwa watu wengine wote vita vya Bama, kule Asia dhidi ya Wajapani, vilikwisha zamani. Wamalwa alikuwa bado anavipigana mwaka wa hamsini na saba, ndani ya kilabu cha pombe cha Bondeni, mjini Nakuru, tena akiwa ameketi. Kila jioni alivuka mto chini ya risasi, kapteni wake mabegani, na kila jioni alipatikana mtu wa kumnunulia kikombe ili asije akamwangusha kapteni katikati ya maji.

Ukweli wenyewe, na tuuseme polepole maana una aibu, ni kwamba Wamalwa aliivalia sare ya jeshi kambini Gilgil tu, jikoni, akichemsha maharagwe. Maji aliyovuka ni yale ya kuoshea masufuria. Lakini ulimi alikuwa nao! Angemuuzia samaki maji, na wewe ungesimama pale ukimsaidia kubeba ndoo.

Jioni moja akaingia Kosgei wa Keringet, mwenye mashine za kusaga mahindi, malori mawili na tumbo lililotangulia mlangoni. Wengine waliona tajiri. Wamalwa aliona uso wa mtu anayetaka kitu ambacho madukani hakuna, na moyo wake ukaruka kwa furaha.

"Mzee, shida ni nini?"

"Legiko," Kosgei akasema, akaketi kwa kishindo.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, Waafrika walikuwa wanapiga kura kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi, lile watu waliloliita Legiko. Kura zenyewe zilikuwa za ajabu. Mtu wa kawaida hakupata hata moja, na mwenye shule, mali au utumishi wa miaka mingi, hata wa jeshini, aliweza kupata mbili, hata tatu. Kwa hiyo wazee waliotoka jeshini walikuwa wamepata thamani ghafla, na walikuwa wanajua.

"Napingwa na mwalimu Kemboi," Kosgei akaeleza. "Nimewachinjia hao askari wazee fahali. Wamekula, wamepangusa midomo, halafu wakaniuliza, wakati wa vita ulikuwa wapi?"

"Ukasema?"

"Nilikuwa nasaga mahindi."

Wamalwa akafumba macho kama aliyekanyaga mwiba. "Mzee wangu, hayo hayasemwi mbele ya watu. Sikiliza. Mimi nina vita. Vizuri, havijachakaa. Nitakuuzia."

"Bei gani?"

"Lile lori lako jipya."

Kosgei akataka kuondoka, lakini hakuondoka. Wamalwa naye alishikilia pale pale. Alikuwa anaishi Kaloleni, chumba kimoja na fundi cherehani anayekoroma, na lori lile alikuwa amelitamani mpaka usingizini alibadilisha gia. Angebeba viazi kutoka Kuresoi mpaka sokoni, aitwe tajiri, alale peke yake.

"Nikishinda, lako," Kosgei akasema mwishowe. "Nikishindwa?"

"Utabaki na vita."

Wakapeana mikono.

Mafunzo yalifanyika Keringet, nyuma ya mashine, mbele ya Chelangat, mke wa Kosgei, aliyekuwa anapepeta mahindi na kusikiliza kila neno.

"Kwanza, chechemea," Wamalwa akaamuru.

"Mguu gani?"

"Wowote, mzee, lakini chagua mmoja! Sasa, wakikuuliza habari za Bama, usijibu. Angalia mbali, halafu useme, 'Wacha tu.'"

"Na wakizidi kuuliza?"

"Sema, 'Wenzangu hawakurudi.' Halafu uombe maji."

Chelangat akaweka ungo chini. "Huyo kapteni alikuwa mzito?"

"Sana, mama."

"Huyu mzee wangu gunia la mahindi humshinda."

"Vitani, mama, mtu hupewa nguvu."

Ikabaki shida moja. Kapteni alikuwa mmoja na wabebaji sasa ni wawili. Basi Wamalwa akarudi Bondeni, akasimama juu ya benchi, akavua kofia. "Ndugu zangu, nimewadanganya miaka hii yote. Aliyembeba kapteni si mimi. Ni Sajini Kosgei wa Keringet. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika bunduki yake, nalia."

Kilabu kizima kikampigia makofi. Halafu wakamnunulia vikombe viwili kwa uungwana wake. Alivinywa kwa huzuni ya kweli, kama mzee aliyemwoza bintiye kwa mtu asiyemstahili.

Kosgei alifundishika, tena kupita kiasi. Kwenye mkutano wa Molo alisema "Wacha tu," na wazee wakapangusa machozi. Kule Kuresoi aliomba maji, wakamletea maziwa. Walipofika Gilgil, mbele ya askari wazee wenye medali zao, akaongeza mamba.

"Mzee, mamba ametoka wapi?" Wamalwa alimnong'oneza wakirudi. "Mimi sikukuuzia mamba."

"Mtoni," Kosgei akajibu, akaangalia mbali.

Mtu mwenye akili timamu angeogopa hapo. Wamalwa alifurahi, maana alikuwa anaona lori tu.

Kosgei akashinda. Sherehe ilingoja mpaka aliporudi kutoka Nairobi kula kiapo na kutoa hotuba yake ya kwanza, na hotuba hiyo, tumpe haki yake, ilikuwa juu ya askari wazee waliorudi kutoka Bama wakapewa koti na kwaheri. Wanasema Wazungu mle ndani walikohoa sana. Hakuna mjumbe aliyewahi kuwasemea wazee wale namna ile.

Siku ya sherehe Keringet ilifurika watu. Lori jipya lilikuwa uani, limepambwa majani. Wamalwa alikuja na kofia mpya, akamvuta mwenyeji pembeni.

"Mheshimiwa, hongera. Naomba ufunguo."

Kosgei akaangalia mbali. "Wacha tu."

"Tulipeana mikono!"

"Wenzangu hawakurudi," Kosgei akasema kwa uchungu mwingi, akaagiza maji.

Loo! Damu ikampanda Wamalwa kichwani. Akarukia juu ya lori, mbele ya umati wote. "Watu wa Keringet! Huyu hajaona vita! Kuchechemea nimemfundisha mimi! Hata mimi sikwenda Bama, nilikuwa mpishi wa Gilgil!"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema ukweli mtupu mbele ya watu, na alishangaa jinsi ulivyosikika kama uongo. Ndipo akasimama mzee Obura, askari wa Bama wa kweli, ametoka Gilgil na medali zake kifuani. Wamalwa akashusha pumzi. Huyu alikuwako, huyu atasema.

"Mimi nilivuka mto ule," Obura akasema. "Tulimpigania Mfalme, tukarudi, hakuna aliyetuuliza hata hali. Huyu ndiye mtu wa kwanza kututaja." Akamgeukia Kosgei. "Sajini Kosgei nilimwona kwa macho yangu amembeba kapteni. Na mamba nilimwona."

Wamalwa akamtazama usoni, akitafuta uongo. Hakuuona. Mzee alikuwa analia.

Vijana wakaanza kukunja mikono ya mashati. Kosgei akainua mkono wake.

"Msimpige! Mpishi naye ni askari. Amesema mwenyewe alikuwa mpishi?"

"Amesema!"

"Basi. Watu hawa wote hawajala."

Chelangat akamshika Wamalwa mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha masufuria na magunia ya viazi, akampa kisu. "Chumvi usizidishe," akamwambia.

Wamalwa akavua kofia mpya, akaketi, akaanza kumenya. Moshi ulimwingia machoni, na ilikuwa vizuri, maana machozi yalikuwa tayari njiani. Kutoka mbele ya nyumba sauti ya Mheshimiwa ilimfikia neno kwa neno. Alipokuwa amemenya nusu ya gunia, Mheshimiwa alikuwa amevuka mto, amemlaza kapteni ng'ambo salama, na sasa alikuwa anarudi majini kumchukua kapteni wa pili.