Pini ya Mama Mkwe na Bwana Mjuaji

Jumatatu, 3 Juni

Wameniondolea kiti! Nimefungua mlango wa chumba cha kusomea picha na kukuta kompyuta mpya imekaa mezani pangu kama bibi harusi. Kiti changu kiko koridoni, kimekaliwa na mgonjwa mwenye goti bovu. Kiti kilichokwisha kushika umbo langu!

Daktari mkuu amenisihi nisichukie. Eti ni mtambo wa kusaidia tu. Unatazama picha za kifua wenyewe na kupaka rangi nyekundu panapotia shaka. Nikauliza, na mimi? Hospitali hii haijawahi kuwa na daktari wa picha. Miaka yote hii eksirei zimesomwa na nani kama si mimi, tangu enzi za kuzianika dirishani? Akajibu kwamba nitaendelea kupiga. Kupiga! Yaani nimekuwa mtu wa kusema vuta pumzi, shika, achia.

Mtambo umekuja na binti wa kuuendesha. Mpole, ana tabasamu la kuudhi. Nimempa jina la Kiherehere. Mtambo nimeuita Bwana Mjuaji. Mwisho wa mwezi daktari mkuu ataamua kama kila picha ipite kwa Bwana Mjuaji kwanza. Thubutu! Kabla ya hapo nitakuwa nimemuumbua mchana kweupe.

Nimerudi nyumbani nikikohoa kwa hasira njia nzima.

Jumanne, 4 Juni

Mpango ulikuwa rahisi. Kifungo cha chuma kikipigwa eksirei hutokea kama kidonge cheupe katikati ya pafu. Wanagenzi wengi wamekiita uvimbe. Asubuhi nilibandika kimoja kwa plasta kwenye ule ubao ambao wagonjwa huegemeza kifua. Bwana Mjuaji angepiga yowe, uvimbe! Nami ningeingia polepole, ningebandua kifungo, ningesema, huyu ndiye mnayetaka kumwachia roho za watu? Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Mgonjwa wa kwanza akapigwa. Bwana Mjuaji akaandika: kitu cha nje ya mwili, huenda ni kifungo, rudieni picha.

Kiherehere akaenda moja kwa moja kwenye ubao. Akakibandua, akakiinua juu, akauliza ni cha nani. Watu wote wakatazama koti langu. Pa kifungo cha pili palikuwa na uzi unaning'inia. Nikasema kimedondoka. Akataka kujua kimedondokaje kikajitia na plasta. Mtoto wa juzi hajibiwi kila kitu.

Mama watoto naye kauliza kifungo kimekwenda wapi. Nimemwambia ashone tu, asiniletee mahakama nyumbani.

Jumatano, 5 Juni

Leo nilikwenda na silaha nzito. Ilihitajika picha safi, safi kabisa, ambayo Bwana Mjuaji angeisingizia ugonjwa. Na picha safi ninayo. Ya mama mkwe.

Mama mkwe anaishi kwetu, na anakohoa. Miezi miwili iliyopita nilimpiga picha mwenyewe, kwa heshima zote. Mkwe hamwambii mkwe vua nguo. Alisimama na gauni lake, shali lake na ile pini yake kubwa ya samaki begani. Nikageuza uso ukutani, nikabonyeza. Kisha nikaisoma picha kwa adabu, maana yake haraka. Nikamwambia ni vumbi, apunguze kufagia. Kufagia amepunguza. Kukohoa hajapunguza, lakini yule ni mtu wa kupenda kuonewa huruma.

Basi nikafuta jina lake, nikaandika Mwanamke, Mtu Mzima, nikamlisha Bwana Mjuaji. Mara nyekundu! Juu ya pafu la kulia! Nilicheka mpaka machozi. Nikaita daktari mkuu, nikaita wauguzi, nikamwita hata mlinzi wa getini. Nikasema tazameni, mtambo wenu umeona pini ukadhani ugonjwa!

Daktari mkuu hakucheka. Akanionyesha kwamba pini iko begani, na Bwana Mjuaji ameizungushia mstari akaandika pini. Ile nyekundu iko chini yake, nyuma ya mtulinga, huu mfupa wa chini ya shingo. Akasogeza pua mpaka kwenye skrini. Halafu akasema naye anakiona kidoa. Kinafanana na kifua kikuu. Mwanamke huyu atafutwe leo hii, arudie picha bila shali wala pini, apimwe makohozi. Ni nani?

Nikasema ni mgonjwa wa zamani, nitamtafuta.

Ijumaa, 7 Juni

Kiherehere ananifuata kama inzi. Asubuhi, yule mama wa pini amepatikana? Kwenye chai, vipi yule mama wa pini? Mchana kanikuta mlangoni mwa choo, mlangoni mwa choo jamani, kuniuliza kama nimejaribu kupiga simu tena. Nimesema haipatikani. Akasema anamwonea huruma, na anawaonea huruma zaidi wanaoishi naye, maana huo ni ugonjwa wa kuambukizana kwa hewa. Nikasema anaishi peke yake. Mlimani. Sijui mlima umetoka wapi.

Nimpeleke vipi? Nikimpeleka, hospitali nzima itajua kwamba nilimsoma mama mkwe wangu nikakosea. Na sikukosea! Ni pini. Pini ina mkia, mkia una kivuli, kivuli kimeangukia pafuni. Mtu yeyote mwenye macho anaelewa. Na hata nikitaka, nitamwambiaje vua shali, mama? Afadhali ardhi inimeze.

Jioni mezani amekohoa mpaka kikombe kikatikisika kwenye kisahani. Mama watoto akanitazama. Nikapata hofu. Hofu kidogo tu. Halafu hasira ikarudi, nikapata nafuu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeichukua pini. Sikuiba. Nimeichukua kwa ajili ya sayansi. Kesho nitaibandika ubaoni, nitaipiga picha peke yake na kuonyesha ule mkia na kivuli chake, na mambo yataisha.

Nyumbani kumewaka moto. Mama mkwe alipoikosa alipindua magodoro. Pini hiyo alipewa na marehemu baba mkwe. Bila pini havai shali, na bila shali hatoki nje. Akasimama katikati ya sebule akatangaza kwamba nyumba hii ina mwizi, na mwizi hakutoka mbali, kikulacho ki nguoni mwako. Watoto wangu wakapekuliwa mifuko. Mimi nilitafuta kuliko wote. Niliingia mpaka uvunguni, nikatoka na vumbi kichwani, nikalaani mwizi kwa sauti. Pini wakati huo ilikuwa ndani ya soksi yangu, na kila nikipiga hatua inanichoma. Nilichechemea. Mama watoto akauliza mguu una nini. Nikasema baridi.

Mwishowe mama mkwe akaketi, akalia. Kilio kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Akafuta mdomo kwa leso, akaikunja upesi asionekane. Nimeiona lakini. Ilikuwa na doa la damu.

Ni hasira za pini hizo. Mtu akilia sana hujikwaruza koo.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya aibu! Naandika kwa ghadhabu, si kwa kitu kingine.

Nilikuwa naibandika pini ubaoni Kiherehere alipoingia. Hakugombana. Akaitazama. Akauliza kwa ile sauti yake ya upole, hii si pini ya samaki ya yule mama? Ameonekana basi! Yuko wapi? Nikasema nimeiokota. Wapi? Mlimani.

Hapo mlango ukagongwa. Nikageuka, nikamwona mama mkwe! Yuko na mama watoto, shali limefungwa kwa fundo kama mzigo wa kuni, ana kadi ya mgonjwa mkononi. Nilitamani kujificha nyuma ya ile aproni ya risasi ya kuzuia mionzi. Hakuniona. Alimwendea Kiherehere moja kwa moja, akamshika mkono, akasema kwa kunong'ona ambako mtu aliye koridoni angekusikia:

"Mwanangu, nimeambiwa mmeleta mashine inayosoma kifua. Nakohoa damu. Pale nyumbani kuna mkwe wangu anayepiga picha, ila mimi na yeye tunaoneana haya, hata kunitazama hanitazami. Nimesema bora niende kwa mashine. Mashine haina mkwe."

Halafu akaiona pini ubaoni. Halafu akaniona mimi.

Alilolisema sitaliandika. Watoto wangu wanaweza kuisoma shajara hii siku moja, na sitaki wajue kwamba bibi yao anayajua maneno hayo. Ninaweza kuandika alilolisema mama watoto, kwa sababu hakulisema kwangu. Alimwuliza Kiherehere kwa nini pini ya mama iko hospitali. Kiherehere, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye malezi, akaeleza yote. Picha ya zamani. Rangi nyekundu. Mama asiyejulikana. Simu isiyopatikana. Mlima.

Nikatolewa chumbani mwangu. Mama mkwe akavua shali bila hata kubembelezwa. Nimekaa koridoni kwenye kiti changu mwenyewe kama mgonjwa, nikisikia Kiherehere akisema vuta pumzi, mama, shika, achia. Na analisema vibaya. Shika inatakiwa ivutwe kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Majibu ya makohozi yametoka. Kifua kikuu.

Daktari mkuu amesema kinatibika, dawa za miezi sita na atapona, ila wangechelewa zaidi kingemla pafu lote. Aliniita ofisini akafunga mlango. Nilitegemea ugomvi, nikajiandaa na majibu mazuri sana. Hakugomba. Akasema tu kwamba kila picha sasa itapita kwa mtambo kwanza, kuanzia leo, mwisho wa mwezi hausubiriwi. Akasema mimi bado ni mpigaji mzuri. Mpigaji!

Nyumbani hakuna anayesema nami. Madirisha yote yako wazi, upepo unapita, mama mkwe anameza vidonge vyake na kumsifu Bwana Mjuaji mbele ya majirani. Eti ndiye mwanawe wa kweli, ana macho na hana makuu. Pini iko begani. Kila nikipita anaishika, nisije nikairudia.

Mama watoto alivunja kimya chake mara moja tu, akiwa anakunja nguo, hakuinua macho. Alisema, mama yangu angekufia mikononi mwako, na wewe ungesema ni vumbi.

Lilinichoma hilo. Nilikwenda nikasimama uani. Nilitaka kulia, na ningelia, kama nisingekumbuka jambo moja: ni nani aliyeifukua ile picha ya zamani? Ni nani aliyempa Bwana Mjuaji aisome? Mimi! Bila mpango wangu, nani angejua? Mama mkwe ameokolewa na mimi, na hakuna hata mmoja aliyesema ahsante. Wamepigwa changa la macho na kompyuta. Nimerudi ndani nikiwa nimekasirika vizuri.

Jumatano, 19 Juni

Mambo mawili.

La kwanza. Mwezi ujao wanaleta mtambo mwingine, wa kusoma mifupa. Wacha uje. Nimekwisha kuanika paja la kuku juu ya paa. Tutaona utaliita mkono wa nani.

La pili ni dogo. Wote tunaoishi na mama mkwe tumeamriwa kupigwa picha ya kifua. Mama watoto na watoto wamepigwa na Kiherehere, Bwana Mjuaji akawapitisha, wako salama, na namshukuru Mungu kwa dhati. Mimi nimekataa. Sisomwi na kompyuta! Leo nimewahi kazini kabla ya wenzangu, nikasimama ubaoni na koti langu, nikabonyeza swichi kwa mpini wa ufagio, na nikajisoma mwenyewe.

Picha nzuri sana. Pumzi nilishika vizuri kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumpiga. Kuna kivuli kidogo tu, juu ya pafu la kulia, nyuma ya mtulinga. Nimekitambua papo hapo. Ni kalamu yangu. Ndiyo, mfuko wa koti uko kushoto, najua, lakini kalamu huhamahama, na hayo ndiyo mambo ambayo kompyuta haiwezi kuyaelewa.

Picha nimeifuta. Na hiki kikohozi ni vumbi la koridoni walikonitupa. Kesho nitawaambia wapunguze kufagia.